Akiba Inayooza: Kuhusu Kurejesha Hifadhidata ya Winguni

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Katika uwanja wa tarakilishi methali hii yafaa kutumiwa kwa tahadhari, kwani akiba ya data huoza, tena huoza kimyakimya, na mwenyewe hugundua uozo huo siku ile ile anapoihitaji. Makala haya yananuia kueleza jinsi hifadhidata iliyo winguni inavyorejeshwa kutoka katika nakala ya akiba, na kwa nini kazi hiyo hushindikana hata pale ambapo kila mtu aliamini kwamba nakala zipo.

Ni vyema istilahi zifafanuliwe kwanza. Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa kwa majedwali, mathalani alama za wanafunzi au miamala ya wateja, pamoja na programu inayozisimamia. Ikisemwa kuwa hifadhidata iko winguni, haina maana kwamba inaelea angani. Imo katika diski za seva zilizo ndani ya jengo lenye kuta, nyaya za umeme na mitambo ya kupoza joto, ila jengo hilo ni mali ya kampuni nyingine na mtumiaji hulifikia kwa mtandao tu. Sitiari ya wingu imewapumbaza wengi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data yao daima.

Aidha, nakala ya akiba isichanganywe na pacha. Seva pacha ni seva ya pili inayofuata kila badiliko linalofanyika katika seva kuu, takriban papo hapo. Seva kuu ikiharibika, pacha hushika nafasi yake. Hata hivyo, jedwali likifutwa kwa makosa katika seva kuu, pacha nayo hulifuta baada ya muda mfupi kwa utiifu ule ule. Istilahi ya "nakala rudufu" iliyozoeleka ina kasoro hapa, maana pacha pia ni rudufu. Neno "akiba" lafaa zaidi kwa kuwa linabeba wazo la kitu kilichowekwa kando na kisichoguswa na shughuli za kila siku.

Miongoni mwa visa vilivyowahi kuelezwa kwa uwazi mkubwa ni kile cha GitLab, kampuni ambayo tovuti yake hutumiwa na waandishi wa programu kuhifadhi na kujadili kazi zao. Jioni ya tarehe 31 Januari 2017, hifadhidata ya tovuti hiyo, iliyoendeshwa kwa programu ya PostgreSQL katika wingu la Azure la kampuni ya Microsoft, ilielemewa na kazi kupita kawaida. Seva pacha ikaachwa nyuma hata ikashindwa kabisa kuifuata seva kuu. Mhandisi mmoja akaamua kuijaza upya. Programu ya kunakili hudai kukuta saraka tupu, na ilipokwama bila kutoa ujumbe wowote wa maana, mhandisi alidhani kwamba saraka ya seva pacha ingali na masalia. Akatoa amri ya kuifuta. Ilikuwa yapata saa tano na nusu usiku kwa saa za kimataifa. Baada ya sekunde moja au mbili alitambua kwamba dirisha aliloandikia amri lilikuwa la seva kuu. Aliisimamisha amri hiyo mara moja, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Hadi hapo, kisa hiki ni cha kawaida. Binadamu hukosea, hususan usiku akiwa amechoka. Kilichokifanya kisimuliwe hadi leo ni kile kilichofuata, wahandisi walipoiendea akiba.

Kulikuwa na nakala za kila siku zilizopaswa kupelekwa katika ghala la S3 la Amazon. Ghala lilikutwa tupu. Programu iliyotakiwa kutengeneza nakala hizo ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa ya toleo la 9.6, na programu ya zamani haikubali kunakili hifadhidata iliyo mpya kuiliko. Kazi ilipokuwa ikishindikana, mfumo ulituma baruapepe ya kuarifu hivyo, lakini baruapepe hizo zilikataliwa na seva ya kupokea barua kwa sababu hazikuwa na saini ya uthibitisho. Mlinzi alipiga kamsa, ila kamsa yake haikuvuka ua. Upande wa Azure, picha za diski zilikuwa zimewashwa kwa seva za faili, hazikuwashwa kwa seva za hifadhidata. Seva pacha nayo ilikuwa imekwisha kuondolewa data yake ili ijazwe upya.

Kilichoiokoa kampuni ni bahati. Saa sita hivi kabla ya ajali, mhandisi alikuwa amechukua picha ya diski ya hifadhidata kwa mkono wake. Hakukusudia kuweka akiba. Alitaka tu kupata data ya karibuni ya kufanyia majaribio katika seva ya pembeni. Picha hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa nakala ya akiba. Hata hivyo, seva ya majaribio ilikuwa na diski za bei nafuu zisizokuwa na kasi, na kuihamisha data hiyo kulichukua takriban saa 18. Wakati wote huo wahandisi walitangaza kazi yao moja kwa moja kwa video, na maelfu ya watu waliketi wakitazama faili zikinakiliwa. Tovuti ilirudi jioni ya tarehe 1 Februari. Programu za watumiaji zenyewe hazikupotea, kwa kuwa zilihifadhiwa katika seva nyingine, lakini taarifa zote zilizoingizwa katika hifadhidata ndani ya zile saa sita zilikwenda na maji. Kampuni ilikadiria hasara hiyo kuwa miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 hivi.

Kuna jambo dogo katika urejeshaji huo ambalo laweza kumpita msomaji. Kabla ya kuifungua tovuti, wahandisi waliruka namba 100,000 katika kila mfululizo wa namba za utambulisho. Sababu ni kwamba mradi uliopotea ulikuwa na namba, na huenda namba hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa mahali pengine nje ya hifadhidata. Lau mradi mpya ungepewa namba ile ile, ungerithi vitu vya marehemu. Basi kurejesha si kuirudisha data ya jana tu. Ni kuipatanisha data ya jana na ulimwengu ambao tayari umefika leo.

Je, pengo lile la saa sita lingeweza kuzibwa? Naam. Hifadhidata kama PostgreSQL huandika kila badiliko katika daftari la mabadiliko kabla ya kuyagusa majedwali yenyewe. Mwenye nakala kamili ya usiku wa manane, pamoja na daftari la tangu wakati huo, aweza kuirejesha nakala kisha akayarudia mabadiliko moja baada ya jingine na kusimama popote atakapo. Karani akifuta alama za mtihani saa tisa na dakika kumi alasiri, hifadhidata yaweza kurudishwa ilivyokuwa saa tisa na dakika tisa. Kampuni za wingu huuza uwezo huu ukiwa tayari. Katika huduma ya Amazon RDS, nakala za kujiendesha huweza kuwekwa kwa muda usiozidi siku 35, na kwa kawaida mteja aweza kurudi hadi dakika tano hivi kabla ya wakati alio nao.

Wasiozoea huduma hizo hubonyeza kitufe cha kurejesha wakitarajia hifadhidata iliyoharibika ijirekebishe mbele ya macho yao. Haiwi hivyo. Amazon RDS huunda hifadhidata mpya kabisa yenye anwani mpya, na ile ya awali huachwa ilivyo. Ni juu ya mwenyewe kuzielekeza programu zake kwenye anwani hiyo na kuhakikisha kwamba kanuni za ulinzi na mipangilio mingine ni ile ile. Utaratibu huu unachosha, lakini una faida yake: ikiwa ni jedwali moja tu lililofutwa, laweza kutolewa katika hifadhidata mpya na kurudishwa katika ile ya zamani bila kupoteza kazi nyingine ya siku hiyo. Isitoshe, hifadhidata iliyorejeshwa huonekana tayari kabla data yake yote haijashuka kutoka ghalani, kwa hiyo maswali ya mwanzo hujibiwa kwa kusuasua. Na nakala iliyosimbwa kwa ufunguo uliokwisha kufutwa haisomeki na yeyote, hata na kampuni iliyoihifadhi.

Mahali pa kuweka akiba ni suala jingine. Mwezi Mei 2024, mfuko wa pensheni wa UniSuper nchini Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, uliondolewa mfumo wake katika wingu la Google kwa sababu ya kosa la mipangilio lililofanywa na kampuni hiyo ya wingu. Mfuko ulikuwa umejihadhari kwa kuweka mifumo yake katika maeneo mawili tofauti, lakini ufutaji huo uliyapitia yote mawili, kwa kuwa yalikuwa chini ya usajili mmoja. Tamko la pamoja la pande hizo mbili lilieleza kwamba mfuko ulikuwa pia na nakala kwa mtoaji huduma mwingine, na kwamba nakala hizo zilisaidia kupunguza upotevu wa data na kuharakisha urejeshaji.

Nchini Kenya suala hili si la kiufundi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitaja miongoni mwa hatua za kuzingatiwa uwezo wa kurejesha upatikanaji wa data ya kibinafsi kwa wakati ufaao baada ya ajali. Sheria imetaja uwezo wa kurejesha, na uwezo huo hauthibitishwi kwa kuonyesha orodha ya faili zilizomo ghalani. Huthibitishwa kwa kuichukua nakala, kuifungua katika seva tupu, kuhesabu safu za majedwali, na kupima kwa saa muda uliotumika.

Baada ya kisa chao, GitLab walianza kuzijaribu nakala zao kwa njia hiyo hiyo bila kusubiri ajali. Baadaye waliongeza seva pacha ya aina ya pekee, ambayo hucheleweshwa kwa makusudi saa nane nyuma ya seva kuu. Pacha hiyo imekaribia kuwa akiba: jedwali likifutwa kwa makosa saa nne asubuhi, katika seva hiyo bado lipo hadi saa kumi na mbili jioni.