Bidoni tisa za Lubondja

Jaribio la t la sampuli moja hulinganisha wastani wa vipimo vichache na kiwango kilichokwisha kuwekwa. Aliyelibuni ni William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, akitafuta namna ya kuamini hesabu ya vipimo vichache.

Mfano ni maji ya kunywa. Katika Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, klorini inayotiwa majini ni kinga ya karibu. Lakini uchafu huila, na maji yakikaa, klorini hupungua. Kwa hiyo hupimwa ile iliyobaki, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita pale watu wanapoteka.

Chukulia, kwa kufundishia tu, bidoni tisa zilizopimwa Lubondja, huko Fizi, baada ya kujazwa: 0.12, 0.17, 0.22, 0.24, 0.26, 0.29, 0.31, 0.35 na 0.38. Dhana ya kuanzia husema wastani wa maji yote hauzidi 0.2, yaani maji hayaaminiwi mpaka vipimo viyatetee. Ndivyo inavyopasa, maana maji mabaya yakisifiwa, anayeumia ni mtoto.

Wastani wa bidoni hizo ni 0.26, na mkengeuko sanifu ni 0.083. Mkengeuko ukigawanywa kwa 3, kipeuo cha pili cha 9, hupatikana 0.028. Tofauti ya 0.06 ikigawanywa kwa hiyo, t hufika karibu 2.16. Jedwali, kwa digrii 8 za uhuru na hatari ya kukosea ya asilimia 5 upande mmoja, hudai 1.86. Dhana inakataliwa: wastani umevuka kiwango.

Hata hivyo bidoni mbili ziko chini ya 0.2, na familia mbili hazinywi wastani. Zinakunywa bidoni zao. Jaribio hupima chanzo au kazi ya wanaotia klorini. Halimkingi mnywaji mmoja mmoja. Tena bidoni zikichotwa zote mahali pamoja asubuhi moja, hesabu huwa safi na jibu bovu: mvua ikinyesha, maji huchafuka na klorini huisha upesi. Sampuli zitoke vituo na siku mbalimbali, kiangazi na masika.

Kwa vijidudu vya kinyesi wastani haufai kabisa. Kiwango chavyo ni sifuri katika mililita 100, na sampuli moja iliyo navyo yatosha kuyakataa maji hayo.