Jinsi Alizeti Inavyomwita Nyuki

Msafiri atokaye Dodoma kwa reli ya kati, akiisha kupita Bahi na kuingia Kintinku, wilaya ya Manyoni mkoani Singida, kabla garimoshi halijaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, aghalabu huona, mvua za mwaka zikikaribia kwisha, mashamba ya alizeti ambayo vichwa vyake vyote vimeelekea upande mmoja tu, nao ni mashariki. Wengi hudhani kuwa ua hilo hulifuata jua kutwa hadi siku ya kuvunwa. Lakini ni mche mchanga ufanyao hivyo, ilhali shina likikomaa na ua kuchanua mwendo huo hukoma, na kichwa hubaki kuikabili asubuhi.

Faida ya msimamo huo ilibainishwa mwaka 2016 na wataalamu wa California, Marekani, ambao waliotesha alizeti katika vyungu, wakageuza baadhi yake zikabili magharibi, kisha wakahesabu wadudu: maua ya mashariki yalizuriwa asubuhi mara tano kuliko yale mengine, kwa kuwa yalipata joto mapema. Na walipoyapasha moto maua ya magharibi kwa vikanza, wageni waliongezeka, ingawa hawakuwafikia wa mashariki kwa wingi. Hivyo joto nalo ni mwito, na mdudu aliyelala katika baridi ya alfajiri anauitikia kwa raghba.

Atakayekishika kichwa kimoja na kukitazama kwa karibu ataona kwamba kile tukiitacho ua ni jamii ya maua madogo mengi mno yaliyobanana. Yale ya ukingoni, yenye ulimi mrefu wa njano, hayazai mbegu hata moja. Kazi yao ni kuonekana tu. Yenye kuzaa ni yale ya katikati, ambayo huchanua kwa duara, kuanzia nje kuelekea ndani, kila moja likitoa chavua kwanza, na baadaye ndipo linapofungua sehemu ya kuipokea. Na chini yake umo mbochi, ambao ndio ujira wa nyuki.

Lakini je, nyuki huiona njano hiyo kama tuionavyo sisi? Mwanzoni mwa karne iliyopita Carl von Hess, mtaalamu wa macho, alishikilia kuwa nyuki hatambui rangi kabisa. Karl von Frisch, mzaliwa wa Vienna, hakuridhika, kwani alijiuliza maua yangejipambia nani. Akaweka kadi ya buluu miongoni mwa kadi za kijivu za kila kiasi cha weusi na weupe, akawazoesha nyuki kupata maji ya sukari juu ya ile ya buluu, kisha akaiondoa sukari. Nyuki wakairudia buluu, wala hawakuichanganya na kijivu chochote. Hayo aliyatangaza mwaka 1914, na mwaka 1973 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa elimu ya tabia za wanyama. Baadaye ilidhihirika kuwa nyuki haioni nyekundu kama rangi, bali huiona miale ya urujuanimno, ambayo kwetu sisi ni giza tupu.

Hapo ndipo alizeti ya Kintinku inapogeuka kuwa kitu kingine. Ncha za zile ndimi za njano huirudisha miale hiyo, na sehemu zake za chini huimeza, hata nyuki ashukaye kutoka juu huona duara la rangi tofauti lililozunguka kitovu chenye mbochi, alama iliyo wazi kwake mchana kweupe, nasi tukipita kando yake pasipo kuihisi.

Ajabu iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilifichuliwa mwaka 2022 na Marco Todesco na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliochunguza alizeti za mwituni za Amerika Kaskazini. Waliona kuwa duara hilo hupanuka katika nchi kavu na hupungua katika nchi zenye unyevu, kwa sababu rangi ile ile inayomwelekeza nyuki hulisaidia ua lisipoteze maji yake. Kwa mkulima wa Singida, ambaye mvua yake ni ya msimu mmoja na mara nyingi haitoshi, habari hii ina uzito: duara lile lile ambalo jicho lake haliwezi kuliona humwita mchavushaji shambani mwake, na huenda pia likawa kinga ya ua wakati wa kiangazi.