Kodi ya Korosho Ghafi, na Nani Ailipaye

Mkulima wa mikorosho hupalilia, huokota, huanika, kisha hupeleka gunia lake mizanini. Hapo huambiwa bei, naye hudhani ya kuwa bei hiyo imetungwa na mnunuzi peke yake. Sivyo. Kabla gunia halijafika mizanini, sheria za biashara za serikali zimekwisha kuigusa bei hiyo. Yafaa basi kila mkulima ajue jinsi zinavyofanya kazi.

1. Kodi hutoka wapi

Korosho ghafi ni ile iliyo bado ndani ya ganda lake. Tuseme mnunuzi wa ng'ambo yu tayari kutoa shilingi 100 kwa kipimo kimoja bandarini, na serikali yatoza shilingi 15 juu ya kipimo hicho. Mfanya biashara hatazitoa fedha hizo mfukoni mwake akiweza kuepuka. Atazipunguza katika bei ya mkulima. Hati ya kodi huandikwa kwa jina la mwenye kusafirisha, lakini mara nyingi mwenye shamba ndiye ailipaye.

2. Sababu ya kuitoza

Kodi hii haitozwi kwa ajili ya kujaza hazina tu. Korosho ghafi ikitozwa inapotoka, kiwanda cha nchini huipata kwa bei nafuu kuliko kiwanda cha ng'ambo. Watu hupata kazi ya kubangua, na nchi huuza kitu kilichokwisha kutengenezwa, chenye thamani kubwa zaidi. Hilo ni kusudi jema. Lakini mkulima ndiye anayekikopesha kiwanda, naye ana haki ya kuuliza mkopo wake utarudi lini.

3. Yaliyotokea Msumbiji

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kuliko nchi nyingine yo yote. Mwaka 1978 serikali ilikataza kabisa kupeleka nje korosho ghafi, ili viwanda vyake vipate kazi. Vita vilivyodumu hata mwaka 1992 vikaharibu mashamba na barabara. Katikati ya miaka ya 1990, kwa shauri la Benki ya Dunia, kodi ikashushwa hata asilimia 14, kwa matumaini ya kuwa bei ya mkulima itapanda.

Viwanda vikubwa vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Na mkulima je? Mwaka 2002 wataalamu watatu, Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch, walikadiria ya kuwa faida ya jamaa moja yenye mikorosho haikuzidi dola 5 na senti 30 kwa mwaka. Sababu ni kwamba wachuuzi walikuwa wachache, nao wakabaki na sehemu kubwa ya faida. Na korosho ghafi zilikuwa na soko moja tu kubwa ng'ambo, yaani India. Kodi ikiondolewa mahali penye mnunuzi mmoja, fedha hubaki mkononi mwa mnunuzi huyo.

4. Yaliyotokea Tanzania

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mbali na miti yao. Bei ikawa duni. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakashuka chini ya tani 20,000, na viwanda vilivyojengwa vikakosa korosho za kubangua. Kiwanda hakiwezi kuishi mkulima akikata tamaa.

Baadaye salfa na miche bora vikaufufua mkorosho. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kodi ya korosho ghafi ilirudi katika zao lenyewe, na msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Mwaka 2018 sheria ikageuzwa, kodi yote ikaingia hazina. Mwaka huo huo wakulima walikataa bei za mnada, na mwezi wa Novemba serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

5. Yampasayo mkulima

(a) Anika korosho zako vizuri, uchague mbovu na kuzitenga. Bei njema haitolewi kwa korosho yenye unyevu.

(b) Usiuze kwa kangomba. Mwenye kuuza kwa kibaba gizani amekwisha kujitoza kodi kubwa kuliko ya serikali.

(c) Uza pamoja na wenzako katika chama, mahali wanunuzi wengi washindanapo.

(d) Katika mkutano wa chama uliza maneno mawili: Ni kiasi gani kilichokatwa katika kila kilo? Na kimerudi kwetu kwa njia gani: salfa, miche, barabara, au kiwanda kilicho karibu?

Kodi irudiyo shambani ni kama mbegu: huifukia leo, ukavuna kesho. Kodi isiyorudi ni kama mbegu iliyoliwa. Wala si vigumu kuzitambua; mkulima atazame shamba lake baada ya misimu mitatu, aone kama miti imeongezeka au imepungua.