Rangi ya unga inarudishia rimu za nduthi ujana, lakini haizibi ufa

SIMAMA dakika chache kwenye steji ya bodaboda karibu na Soko Mugdi, mjini Garissa, utazame magurudumu ya hizo nduthi. Tangi limefutwa likang'aa, kiti kimevishwa jalada jipya, vioo vina stika. Rimu sasa? Kutu. Kutu iliyopulizwa rangi ya kopo, ikabanduka, ikapulizwa tena.

Usiwalaumu vijana wa steji. Mji huu unazionea rimu. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofanya Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara ya kwenda Madogo humezwa na maji pale Kona Punda. Pikipiki iliyopitishwa kwenye maji hayo hubaki na tope ndani ya habu na kwenye matundu ya spoku, na unyevu hukaa humo hata jua likichoma vipi.

Halafu kuna mathenge. Mwiba wake ukiingia tairini, ni pancha. Kila pancha, fundi anachomeka vyuma vya kubandulia tairi na kukwangua ukingo wa rimu. Kutu huanzia hapo kwenye mkwaruzo. Rangi ya kopo ni nyembamba, kwa hivyo hapo ndipo inaposalimu amri kwanza.

Ndiyo maana mabarobaro wengi siku hizi wanaulizia rangi ya unga. Hii haichanganywi na thina wala haipakwi kwa brashi. Ni unga mkavu unaopulizwa kwa bunduki inayoupa chaji ya umeme, huku rimu ikining'inizwa kwenye ndoano iliyounganishwa na ardhi. Unga unavutwa na chuma, unakishika kama vumbi linavyoshika kioo cha televisheni. Kisha rimu inaingia kwenye oveni ya nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20, kulingana na aina ya unga. Dakika hizo zinahesabiwa kuanzia chuma chenyewe kinapopata joto hilo, si oveni inapowashwa. Unga unayeyuka, unashikana na kuwa ngozi moja ngumu. (Na hapana, jua la Garissa halitoshi.)

Kuna kitu kimoja wengi hawaulizi: ni unga gani? Wa epoksi unashika vizuri na kuzuia kutu, ila ukianikwa juani unapauka na kutoa chokaa. Kwa pikipiki inayoshinda nje kutwa, itisha poliesta.

Kazi yenyewe, lakini, iko kwenye matayarisho. Tairi, tyubu, beringi na spoku zote zitoke. Rangi ya zamani na kutu viondolewe kwa kupuliza mchanga hadi chuma kibaki kitupu, kisha mafuta yote yaoshwe. Rimu za chuma za spoku mara nyingi huja na kromu, na unga haushiki vizuri kwenye kromu laini. Lazima iondolewe au ikwaruzwe sawasawa. Anayekuambia atapuliza juu kwa juu anakuuzia maganda. Sehemu zinapokaa beringi, nyuzi za skrubu na uso wa ndani wa drami ya breki vizibwe kwa tepu inayostahimili moto. Unga ukiganda ndani ya drami, utakanyaga breki na nduthi iendelee na safari yake.

Na sasa unisikize vizuri. Rimu ikishavuliwa rangi, kabla ya unga kuigusa, ikaguliwe. Kwa zile za aloi, tazama pale mikono inapokutana na habu, na ukingoni palipogonga shimo. Izungushe uone kama inayumba. Ikiwa na ufa, basi hiyo ni ya skrepu, hata kama roho inauma. Rangi ya unga ni nene, inafunika ufa mdogo usiuone tena, na chini yake ufa unaendelea kukua. Wewe unabeba abiria wawili na gunia la makaa kutoka Balambala kwenye mashimo, na aliyekaa nyuma haijui rimu yako. Ukinunua rimu kuukuu iliyopakwa upya, mwombe muuzaji picha zake ikiwa tupu. Akianza kuzungukazunguka, mwachie.

Spoku nazo zina tabia yake. Rangi iliyo chini ya vichwa vyake hubonyea ukianza kuendesha, na spoku zinalegea. Rudi kwa fundi akaze na anyooshe rimu baada ya siku chache.

Ugumu ni kuipata huduma yenyewe. Oveni kubwa ziko Industrial Area, Nairobi, takriban kilomita 370 kutoka Garissa, na hutumika zaidi kwa fremu za madirisha na fanicha. Kutuma rimu kwa basi ni siku kadhaa bila kazi, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni. Njia inayoeleweka ni steji nzima kutuma pamoja, au kuwa na jozi moja ya akiba mnayozungusha.

Anayefikiria kufungua hapa nyumbani asitegemee rimu peke yake. Mageti, vitanda na madirisha ya mafundi wa kuchomelea ndiyo yatakayolisha oveni, rimu ziwe nyongeza. Utahitaji kompresa, bunduki, kipima joto cha uhakika na jenereta, maana stima ikipotea katikati ya kuoka, kazi imeharibika. Na oveni ya chakula isiguswe. Ikishaoka rangi, haioki mkate tena.

Kama kwa sasa haya yote ni mbali, bado msasa, praima ya kuzuia kutu na rangi ya gari yenye kigumishaji zinashinda kopo. Na siku ya pancha, mwambie fundi aweke kipande cha tyubu kuukuu chini ya vile vyuma vyake.