Meza zamshinda DJ mkongwe

Biashara ya klabu za usiku nchini Marekani inafaa kufuatiliwa na kila mwenye nia ya kuingiza fedha zake katika burudani. Kinachotangazwa ni muziki. Kinachouzwa ni meza.

Klabu kubwa za Las Vegas na Miami hutegemea sana wateja wanaokodi meza na kuletewa chupa nzima ya pombe kali, kwa bei ambayo ni mara nyingi ya ile ya dukani. Mteja huyo akinuna, mauzo yanashuka usiku uleule. Meneja atamsikiliza nani?

Ma-DJ wakongwe waliliona hilo waziwazi mwaka 2012. Mark Farina aliondolewa kwenye mitambo mjini Las Vegas, na Dennis Ferrer na DJ Shadow wakakumbwa na hayo hayo mjini Miami. Hawa si wanagenzi. Ni watu waliokusanya santuri kwa miaka mingi, na mtaji wao ni kujua wimbo upi ufuate upi. Mtaji huo umeshuka thamani kwa njia mbili: mwenye meza anataka nyimbo anazozijua tayari, na programu za kompyuta zinaoanisha mapigo zenyewe, hivyo wauzaji wa huduma hiyo wameongezeka. Wauzaji wakizidi, bei inajulikana inakoelekea.

Juu kabisa, hata hivyo, fedha zilimwagika. Jarida la Forbes lilikadiria mapato ya Calvin Harris kuwa dola milioni 46 mwaka 2013. Wa katikati ndiye aliyebanwa.

Makadirio kama hayo huwavuta wawekezaji. Oktoba 2013 kampuni ya SFX ya Robert Sillerman, iliyokuwa imenunua matamasha na duka la muziki la Beatport, iliuza hisa Nasdaq kwa dola 13 kila moja, ikakusanya dola milioni 260. Mwaka 2015 Sillerman alitaka kuzinunua tena kwa dola 5.25, mpango ukavunjika. Februari 2016 kampuni iliomba kinga ya mufilisi. Ilipotoka huko Desemba, ikiitwa LiveStyle, ilikuwa mikononi mwa wadai, na wenye hisa za kawaida hawakuambulia kitu.

Beatport haikufa. Hadi leo inawauzia ma-DJ nyimbo.