Sultani kwa Malkia Victoria, dadake nje ya mlango

Kuna wakati bosi wa Mombasa na Lamu hakuwa Nairobi wala London. Alikuwa Unguja, na jina lake Sayyid Barghash bin Said.

Mwaka 1875, kabla hajagonga miaka 40, Barghash alipanda meli kwenda kumwona Malkia Victoria. Usidhani alikuwa anaenda kutalii. Juni 1873 Waingereza walikuwa wamemlazimisha kutia saini mkataba wa kuzima usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Angekataa, manowari zao zingekizingira kisiwa. Biashara ile ilikuwa unyama mtupu, sina huruma nayo. Lakini ushuru wake ulikuwa ukiingia mfukoni mwa Sultani, na sasa alitaka kujulikana kama mfalme, si mtu wa kuamrishwa.

Mapokezi yalikuwa moto. Victoria alimkaribisha kasri la Windsor, karamu zikafuatana. Ila cheki nani alikuwa kando yake: John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Unguja, yule yule aliyemkazia hadi akatia saini.

Halafu kuna Salme, dadake wa baba mmoja. Hapa ndipo story huniuma. Mwaka 1859, akiwa msichana wa miaka kama 15, Salme ndiye aliyewaandikia barua Barghash na wenzake walipopanga kumpindua kaka yao Majid. Mpango ulifeli, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, kitu ambacho Barghash hakusahau. Kisha akapendana na Mjerumani, akatoroka Unguja, akabatizwa, akaolewa. Kufikia 1875 alikuwa mjane Ujerumani, watoto watatu, pesa hakuna.

Kusikia kakake anaenda London, naye akafunga safari.

Hawakuonana. Salme mwenyewe aliandika kwamba Sir Bartle Frere, aliyewahi kutumwa Unguja kudai ule mkataba, alimpa achague: apatane na kakake, au aachane naye na watoto wasaidiwe. Mama gani hangechagua watoto? Barghash alipoondoka, Salme akaambiwa yeye ni raia wa Ujerumani, serikali ya Uingereza haina deni naye.

Miaka kumi baadaye, 1885, Salme alirudi Unguja kwa meli ya Wajerumani. Barghash alikuwa papo hapo mjini. Alikataa kumwona.