Rambo na Komando: Nani Angemshinda Mwenzake?

Ukipita jioni karibu na kinu cha kukamulia alizeti, au mbele ya duka lenye umeme wa jua, huenda ukakuta vijana wamesimama duara, sauti zimepanda. Usidhani wanagombea mpaka wa shamba. Wanabishana juu ya jambo ambalo halijatokea, wala halitatokea kamwe: Rambo na Komando wakikutana porini, kila mmoja na silaha zake, nani ataanguka?

Ubishi huu si wa leo. Baba za vijana hao waliubisha walipokuwa wadogo, na baadhi yao hawajaumaliza hadi sasa. Picha ya kwanza ya Rambo ilitoka mwaka 1982, ya pili mwaka 1985. Na mwaka huohuo wa 1985 ikatoka ile iitwayo Commando. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni; tuliipata mwaka 1994. Picha hizo zilikuja kwa kanda na deki, zikaonyeshwa katika vibanda kwa nguvu ya jenereta, watazamaji wamebanana juu ya mabenchi na wengine wameketi chini. Wengi hawakuelewa Kiingereza kinachosemwa mle ndani, nao hawakujali. Risasi haihitaji kutafsiriwa.

Baadaye wakatokea watu wa kutafsiri. Aliyevuma sana ni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, ambaye watu walimjua kwa jina la Lufufu. Yeye hakugeuza maneno tu. Alieleza, alitania, alitia chumvi, naye mtazamaji akatoka kibandani akiwa ameona picha mbili: ile ya Wamarekani na ile ya Lufufu. Kwa hiyo ukimsikia mtu akiapa kwamba Komando alitamka neno fulani, umwulize kwanza: alilitamka yeye, au alitamkiwa?

Kwa wazazi ambao hawakuziona picha hizi, tuwaeleze kidogo, wapate kufuata shauri.

Komando jina lake katika picha ni John Matrix, askari wa cheo cha kanali aliyeacha jeshi. Anaishi milimani na binti yake mmoja, Jenny. Tunapomwona mara ya kwanza anatembea na gogo la mti begani kama mtu aliyebeba jembe. Maadui wanamteka yule binti ili wamlazimishe baba kwenda kuua rais wa nchi nyingine. Baba anaruka kutoka katika ndege inayoanza kupaa, anaangukia kwenye maji ya kinamasi, anatega saa yake, na baada ya hapo ni vita mpaka mwisho. Anaua watu kwa makumi. Anayemchezesha Matrix ni Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa kutunisha misuli mara saba.

Rambo ni mtu wa namna nyingine. Aliyemchezesha ni Sylvester Stallone. Rambo ametoka vitani Vietnam, anatembea kwa miguu na mfuko wake, hana nyumba wala mke wala mtoto. Anajua msitu kama Msandawe anavyojua mawindo. Kisu chake kina dira kwenye mpini, na ndani ya mpini mna uzi na sindano. Akijeruhiwa mkono anajishona mwenyewe. Katika picha ya pili ana upinde wenye mishale inayolipuka.

Haya basi, sikilizeni hoja.

Upande wa Komando husema: tazameni mwili. Mtu anayebeba gogo kwa bega moja, akimshika Rambo kiunoni, mambo yamekwisha. Tena mwishoni mwa picha anapambana na adui yake Bennett, ambaye ana silaha na tayari amekwisha kumjeruhi. Matrix anamchokoza kwa maneno mpaka Bennett anatupa bastola na kuchukua kisu. Anashinda kwanza kwa ulimi, kisha kwa mikono.

Upande wa Rambo hujibu: nani kakwambia Rambo atakubali kushikwa kiunoni? Hutamwona. Atajipaka matope awe kama ukingo wa mto, atakungoja mpaka umpe mgongo. Komando hupiga kelele, Rambo hunyamaza. Na hapo mtu mwingine ataingilia kati: pambano lifanyike wapi? Mbugani kwetu, kwenye vichaka vya Itigi, au kwenye nyumba ya matajiri kama ile ya kisiwani? Swali hili ni zuri kuliko yote, maana askari yeyote hupimwa na ardhi anayoipigania.

Tena wapo wasichana, ambao mara nyingi hawaulizwi. Nimepata kuisikia hoja ya mmoja wao, nayo iliwanyamazisha kaka zake. Alisema Komando atashinda kwa sababu ana mtoto wa kumrudisha nyumbani. Rambo hana wa kumrudia, akichoka atalala palepale. Katika hoja zote nilizozisikia, hii ndiyo inayoshika undani wa picha zenyewe.

Ugumu wa ubishi unatokana na sheria ya kibandani, ambayo kila mtoto anaijua: steringi hafi. Mhusika mkuu anaweza kupigwa, kufungwa, kuchomwa moto, lakini hafi. Sasa ukiwakutanisha masteringi wawili, sheria inagonga ukuta. Lazima mmoja afe, na hakuna anayeruhusiwa kufa.

Lakini vijana wengi hawajui kwamba Rambo alikwisha kufa. Kabla ya picha kulikuwa na kitabu, kilichotungwa na David Morrell na kutolewa mwaka 1972. Katika kitabu hicho Rambo anauawa mwishoni na kapteni aliyewafunza watu wa namna yake. Hata walipotengeneza picha walipiga mwisho ambao Rambo anakufa. Watu walioonyeshwa kwanza kwa majaribio hawakuupenda, ukabadilishwa. Laiti wasingeubadilisha, pasingekuwa na picha ya pili, wala mishale ya kulipuka, wala ubishi wenu huu.

Na katika ile picha ya kwanza iliyobadilishwa, Rambo anafanya nini mwishoni? Analia. Mtu yule yule wa kisu na uzi anaketi chini na kulia kama mtoto mbele ya kanali wake, akiwataja wenzake waliokufa. Alikuja kumtafuta rafiki wa vitani, akakuta amekwisha kufa kwa ugonjwa ulioletwa na sumu ya vita ile. Akataka kula chakula katika mji mdogo, mkuu wa polisi akamfukuza kama mzururaji. Vita yote ya picha ile ilianzia hapo: askari amerudi, na hakuna aliyemkaribisha. Vibandani sehemu hii ya kulia watu huitumia kutoka nje kujisaidia.

Naitaja kwa kusudi. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vijana wa nchi yetu, askari na mgambo, wakaenda. Na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Waliorudi sasa ni wazee. Katika vijiji vingi yupo babu mmoja ambaye watu wajua alikuwa Uganda, na ambaye hasemi mengi. Anapita penye ule ubishi na fimbo yake, anasikia vijana wakihesabu waliouawa na Komando, anaendelea na safari. Vijana wangapi wamewahi kumwuliza alirudi siku gani, na nani alimpokea? Huyo hakuandikiwa sheria kwamba hafi. Wenzake wengine hawakurudi. Kumpa kiti na kumsikiliza hakutaharibu ubishi, kutaupa uzito.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Wachezaji wenyewe, Stallone na Schwarzenegger, walipambana kweli, ila si kwa bunduki. Miaka ile ya themanini hawakupendana hata kidogo; kila mmoja alitaka picha yake ipate fedha nyingi kuliko ya mwenziwe. Schwarzenegger mwenyewe amesimulia jinsi alivyomshinda. Aliletewa habari ya picha mbovu, akaiona haifai. Badala ya kuikataa kimya akaeneza maneno kwamba anaitaka sana. Stallone aliposikia hayo akakimbia kuichukua yeye. Picha ikatoka mwaka 1992, ikachekwa dunia nzima. Hizo si mbinu za Komando, wasomaji. Hizo ni mbinu za sungura. Baadaye wakapatana, na mwaka 2013 wakacheza pamoja picha moja, Escape Plan, wamo gerezani. Humo wanapigana ngumi, lakini ni ugomvi wa kuwadanganya walinzi. Walioungoja mwisho wa ubishi tangu 1985 walibaki vilevile.

Baba na mama waliouliza kama wawakataze watoto ubishi huu, maoni yangu ni kwamba msiukataze. Kijana anayebishana kwa hoja, akikumbuka nani alisema nini na katika picha ipi, anajifunza kuwa shahidi mzuri. Mkataze vitu vitatu: kuweka fedha, kupeana ngumi, na kumchukua mdogo wa miaka saba kwenye kibanda cha usiku. Mtoto huyo hajui bado kwamba damu ile ni rangi.

Lakini inanishangaza kwamba katika mkoa huu vijana wanashindanisha Wamarekani wawili tu. Mbona hamumwiti Liti? Yeye hakutungwa na mtu. Wanyaturu wanamsimulia kuwa mwanamke aliyewapinga Wajerumani, na silaha yake, kama masimulizi yasemavyo, ilikuwa nyuki. Uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, umepewa jina lake. Hana misuli ya Komando wala kisu cha Rambo.

Mkinilazimisha kutoa hukumu, naitoa. Msituni usiku, Rambo. Mchana ndani ya nyumba, Komando. Na kama Jenny amefungwa chumba cha pili, Komando popote pale. Lakini Liti akitokea na mzinga wake, wote wawili watatupa silaha na kukimbilia Ziwa Kindai, na maji yale ya chumvi hayatawafaa kitu kwa mwili uliokwisha kuumwa.